Kaboni haina mstari kwenye bili ya stima

Nunua tokeni za shilingi 1,000 ukiwa Nairobi, Kisumu au Mombasa, kisha usome ujumbe unaorudi kwenye simu. Tarakimu 20 za tokeni, idadi ya yuniti, halafu kiasi kilichokatwa na kuitwa tozo nyingine. Ukizichambua tozo hizo utakuta gharama ya mafuta, tofauti ya thamani ya fedha za kigeni, mfumuko wa bei, senti chache za maji yanayozungusha mitambo ya mabwawa, mchango wa kupeleka stima vijijini, ada ya mdhibiti na kodi ya ongezeko la thamani. Kaboni haimo. Hakuna mstari unaosema kwamba shilingi hizi tatu ni za kuishukuru Olkaria, mitambo ya mvuke wa ardhini kule Naivasha, kwa kutochoma dizeli.

Naanzia hapo kwa sababu swali la kama kupunguza kaboni kunazinufaisha kampuni za nishati jadidifu hujibiwa haraka mno. Dunia inapunguza kaboni, kampuni za upepo, jua na mvuke zinauza umeme usio na moshi, basi bila shaka zinaneemeka. Kisha unafungua hesabu zao za mwaka. Unakuta kampuni iliyopunguza kaboni kuliko karibu wote ikiwaomba wenye hisa waongeze fedha ili ipumue, na nyingine, yenye mvuke ule ule, faida yake imeruka. Mahali fulani kati ya tani na shilingi uzi umekatika.

Sehemu ya mkanganyiko ni jina lenyewe. Tunasema "kupunguza kaboni" tukiwa na maana tatu. Kampuni inaweza kupunguza hewa ukaa yake yenyewe: magari yake, saruji ya misingi, chuma cha minara. Serikali nayo inaweza kuwabana wachomaji makaa na gesi kwa sheria au kwa kuweka bei kwenye moshi wao. Halafu umeme safi ukichukua nafasi ya umeme wa mafuta, zile tani ambazo hazikutolewa huhesabiwa na kuuzwa kama bidhaa. Maana ya kwanza inagusa gharama, ya pili inagusa soko, ya tatu inaleta mapato ya pembeni. Ripoti za makampuni hupenda kuzichanganya zote chini ya picha moja ya shamba la kijani, na msomaji hutoka hapo akidhani zote zinaingiza pesa.

Kwa kampuni inayouza upepo au mvuke, ile ya kwanza ni ndogo. (Si sifuri: mvuke wa ardhini hutoka na kiasi chake cha hewa ukaa, na pia ile hewa inayonuka kama mayai viza ambayo kila aliyepita Naivasha kuelekea Hell's Gate anaijua.) Utamu na uchungu uko kwenye hizo mbili nyingine.

Tuanze na tani za kuuzwa, kwa kuwa ndizo zilizoleta matumaini makubwa huku kwetu. Chini ya Itifaki ya Kyoto ya 1997 uliundwa utaratibu ulioruhusu mradi wa nchi inayoendelea kupata krediti moja kwa kila tani iliyoepukwa, kisha kuiuza kwa kiwanda cha Ulaya kilichozidisha moshi wake. KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ambayo serikali ya Kenya iliuza asilimia 30 ya hisa zake kwa umma mwaka 2006, iliingia mapema. Iliandikisha upanuzi wa Olkaria II, ukarabati wa bwawa la Tana, maboresho ya Kiambere, na baadaye mitambo mipya ya Olkaria. Mwaka 2008 krediti moja ilivuka euro 20. Mwishoni mwa 2012 ilikuwa haifikii hata euro moja.

Kilichotokea hapo katikati ni masikitiko ya soko la kawaida. Mtikisiko wa uchumi ulipunguza kazi viwandani Ulaya, moshi ukapungua wenyewe, wanunuzi wakaadimika. Wakati huo huo China na India zilikuwa zimemwaga krediti kwa mamilioni. Kisha Umoja wa Ulaya ukasema kwamba mradi utakaoandikishwa baada ya 2012 hautapokelewa kwenye soko lake isipokuwa unatoka kwenye nchi zilizo nyuma zaidi kimaendeleo. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo kwenye orodha hiyo. Kenya haimo.

Hesabu ya mradi mmoja itatuonyesha uzito wa jambo hili. Kule Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, upande wa kusini mashariki wa Ziwa Turkana, kuna mitambo 365 ya upepo, kila mmoja wa kilowati 850, jumla megawati 310. Upepo wa bonde lile ni wa ajabu: huvuma kiasi kwamba mitambo hutoa zaidi ya nusu ya uwezo wake kwa wastani wa mwaka, kiwango ambacho mashamba mengi ya upepo duniani yanakiota tu. Tuseme kwa mwaka inatoa megawati-saa milioni 1.5. Bei ya awali kwenye mkataba ilikuwa senti 7.52 za euro kwa kilowati-saa, kwa hiyo mauzo ni kama euro milioni 113. Waandaaji wa mradi walikadiria kuepusha tani zaidi ya 700,000 kwa mwaka. Kwa bei ya 2008 tani hizo zingeleta euro milioni 14, pesa za kutosha kulipa sehemu nzuri ya riba. Kwa bei ya mwisho wa 2012 hazifikii hata milioni moja. Upepo ni ule ule, mitambo ile ile, tani zile zile. Kilichotofautiana ni mnunuzi wa mbali na hali yake ya siku hiyo.

Kuna fumbo jingine humo ndani, na nadhani halizungumzwi vya kutosha. Tani zilizoepukwa hupatikana kwa kuzidisha umeme uliozalishwa na kiwango cha moshi wa gridi, yaani mtandao wa umeme, unayoingiza umeme huo. Ukiuza kilowati-saa kwenye gridi ya makaa, umeepusha karibu kilo nzima ya hewa ukaa. Ukiuza kwenye gridi ambayo tayari ni safi, umeepusha kidogo. Gridi ya Kenya hupata takriban asilimia 90 ya umeme wake kwa mvuke, maji, upepo na jua. Basi kila mtambo msafi unaoongezwa unampunguzia tani yule atakayefuata. Aliyetangulia amekula mnofu, anayekuja anaguguna mfupa, na wote wamefanya kazi ile ile.

Juu ya hilo lipo swali la wakaguzi: mradi huu usingejengwa bila pesa za kaboni? Kama ungejengwa vyovyote, krediti zake ni hewa tu. Upepo na jua viliposhuka bei, jibu likaanza kuwa "ungejengwa". Kuanzia 2020 mashirika makubwa ya kuthibitisha krediti za hiari, zile zinazonunuliwa bila kulazimishwa na sheria, yaliacha kuandikisha miradi mikubwa mipya ya umeme jadidifu wa gridi, isipokuwa kwenye zile nchi zilizo nyuma zaidi. Agosti 2024 baraza la kimataifa linalosimamia ubora wa krediti hizo lilikataa kuipa muhuri wake miradi iliyotumia kanuni za zamani za umeme jadidifu, na krediti zilizoguswa zilikuwa karibu theluthi ya soko zima la hiari. Kwa lugha ya sokoni: umeme safi umekuwa wa kawaida kiasi kwamba hauzawadiwi tena kwa kuwa safi. Kwa dunia hiyo ni habari njema. Kwa mhasibu aliyekuwa ameziweka krediti kwenye makadirio yake ya miaka kumi, amebaki mikono mitupu.

Kama tani hazilipi, nani anailipa kampuni ya upepo? Mkataba. Hapo ndipo Turkana ina mengi zaidi ya kutufundisha.

Shamba lile liligharimu zaidi ya euro milioni 600, na lilitajwa kuwa uwekezaji mkubwa kuliko wote wa sekta binafsi katika historia ya Kenya. Hakuna benki inayotoa fedha za namna hiyo kwa kuvutiwa na hewa safi. Benki ilitaka karatasi inayosema kwamba kwa miaka 20 Kenya Power, kampuni inayowauzia Wakenya stima, itanunua umeme huo kwa euro, utumike usitumike. Benki ya Dunia ilikuwa imekusudia kutoa dhamana, lakini mwaka 2012 ikajitoa kwa kuhofia kwamba Kenya ingejifunga kulipia umeme isiouhitaji. Wengine wakaendelea. Mitambo ikasimamishwa, mwaka 2017 ikawa tayari. Waya haukuwapo.

Laini ya kutoka Loiyangalani hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikuwa jukumu la serikali. Kandarasi ilipewa kampuni ya Hispania ya Isolux Corsán, ambayo ilifilisika mwaka 2017 kabla haijamaliza. Kwa zaidi ya mwaka mitambo ilisimama nyikani bila pa kupeleka umeme, ngamia wakipita chini yake, na mkataba ukisema kwamba umeme ambao ungezalishwa unahesabika kuwa umezalishwa. Laini ilikamilika Septemba 2018. Wakati huo serikali ilikuwa inadaiwa fidia ya mabilioni ya shilingi, na sehemu ya fidia hiyo ikaingizwa kwenye bei ya umeme wenyewe. Tazama ajabu yake: kipindi ambacho mradi haukupunguza hata gramu moja ya kaboni ulikuwa unahesabiwa mapato. Mwekezaji alilindwa na maneno yaliyoandikwa na mwanasheria, wala si na upepo.

Ulinzi huo una mwenye kuubeba. Euro ikipanda, ule mstari wa fedha za kigeni kwenye tokeni nao unapanda. Na usiku kuna jambo jingine. Saa tisa usiku, wakati Kenya imelala, matumizi ya stima hushuka hadi karibu nusu ya kilele cha jioni. Upepo wa Turkana huvuma vizuri saa hizo hizo, na mkataba unasema ulipwe. Basi mwongozaji wa gridi anaupokea, kisha anaipunguza mitambo ya mvuke. Lakini kisima cha mvuke si bomba la jikoni, hukifungi na kukifungua kila usiku bila kukiharibu. Kwa hiyo mvuke wa Olkaria huachiliwa angani, unanguruma gizani, umeme msafi wa kampuni moja ukiusukuma kando umeme msafi wa kampuni nyingine. Kaboni iliyoepukwa na kilowati-saa hiyo ya upepo ni karibu na sifuri, maana haikufukuza dizeli, imefukuza mvuke. Fedha iliyolipwa ni kamili.

Jioni, kati ya saa moja na saa nne, mambo hugeuka. Umeme hautoshi, mitambo ya mafuta mazito ya Pwani inaunguruma, na Ethiopia inaleta umeme wake kupitia laini inayoshukia Suswa. Nchi yenye ziada ya usiku ina upungufu wa jioni, na kwa miaka kadhaa mikataba mipya ya kununua umeme ilisimamishwa huku hotuba za tabianchi zikiendelea kutolewa. Kampuni iliyotaka kujenga jua au mvuke ingeweza kutaja ahadi zote za kupunguza kaboni ikitaka. Bila mkataba hakuna benki iliyofungua mlango.

Ulaya mambo yana sura nyingine, kwa kuwa kule kaboni imewekewa bei inayouma. Soko lao lilianza 2005, likasinzia kwa miaka kwenye euro 5 au 7 kwa tani, kisha likaamka na kugusa euro 100 mnamo Februari 2023. Kampuni ya upepo hailipi bei hiyo, na wala haiipokei moja kwa moja. Inafaidi kwa mlango wa nyuma. Fikiria soko la nyanya siku ya uhaba: lori la mwisho lililotoka mbali kwa dizeli ghali ndilo linalopanga bei, na mkulima wa jirani aliyekuja na mkokoteni anauza kwa bei ile ile. Kwenye soko la umeme la Ulaya, lori la mwisho mara nyingi ni kituo cha gesi. Gesi ikipanda, au kaboni ikipanda, bei ya wote inapanda, na mwenye upepo anaweka tofauti mfukoni. Mwaka 2022, Urusi ilipobana gesi, tofauti hiyo ikawa kubwa kiasi kwamba Umoja wa Ulaya ukaweka ukomo wa muda: mapato ya wazalishaji wa namna hiyo yasizidi euro 180 kwa megawati-saa, kuanzia Desemba 2022 hadi Juni 2023.

Basi hapa, kweli, kubana kaboni ya wengine kunalipa. Lakini hulipa mpaka lori la mwisho litakapoacha kuja. Siku ya jua kali na upepo Ujerumani, gesi haihitajiki, na mikokoteni imejaa sokoni kuliko walaji. Bei inashuka hadi sifuri, kisha chini ya sifuri, yaani mzalishaji analipa ili umeme wake upokelewe. Mwaka 2023 Ujerumani ilikuwa na saa 301 za bei hasi. Mwaka 2024 zikawa 457. Mwenye paneli huumia zaidi ya mwenye upepo, kwa kuwa jua humwakia kila mtu saa zile zile: unapokuwa na kingi cha kuuza, jirani zako wote nao wanacho. Kadiri nchi inavyofanikiwa kupunguza kaboni kwa jua, ndivyo umeme wa mchana unavyokosa thamani.

Halafu kuna riba. Kituo cha dizeli ni nafuu kukijenga na ghali kukiendesha, unanunua mafuta kidogo kidogo kadiri unavyouza. Upepo ni kinyume chake: gharama karibu yote unailipa siku ya kwanza, baada ya hapo unasubiri miaka 20 irudi. Kopa milioni 100 kwa riba ya asilimia 4 kwa miaka 20, utalipa kama milioni 7.4 kila mwaka. Riba ikiwa asilimia 8, ni milioni 10.2. Mtambo haukubadilika hata msumari, lakini gharama ya umeme wake imepanda kwa zaidi ya theluthi. Kwa hiyo gavana wa benki kuu akipandisha riba kupambana na mfumuko wa bei, anaiumiza kampuni ya upepo kuliko anavyoiumiza ya dizeli, bila yeye kuwaza upepo hata kidogo.

Hakuna aliyeonja hilo kama Ørsted ya Denmark. Jina lake la zamani, DONG, lilikuwa kifupisho cha mafuta na gesi asilia ya Denmark. Mwaka 2006 ilikuwa mchomaji mkubwa wa makaa. Ikauza visima vyake, ikaamua kuachana na makaa, ikahamia upepo wa baharini, ikabadili jina mwaka 2017, na mwaka 2020 jarida la Corporate Knights la Kanada likaitaja kuwa kampuni endelevu kuliko zote duniani. Hisa zake zilifika kilele Januari 2021. Kisha riba ikapanda, vifaa vikawa ghali, na mikataba ya Marekani ilikuwa imeshafungwa kwa bei ya zamani. Novemba 2023 ikaiacha miradi miwili ya pwani ya New Jersey na kufuta mabilioni ya kroni kwenye vitabu vyake. Agosti 2025 serikali ya Marekani ikaamuru ujenzi wa Revolution Wind usimame ukiwa umekamilika kwa asilimia 80. Mahakama iliruhusu kazi iendelee mwezi uliofuata, lakini tayari kampuni ilikuwa imewageukia wenye hisa, serikali ya Denmark ikiwa mkubwa wao, kuwaomba kroni bilioni 60. Hisa zilikuwa zimepoteza zaidi ya robo tatu ya thamani ya kilele kile. Kaboni yake ilikuwa imeshuka mbali na ile ya 2006.

Sisemi kwamba kupunguza kaboni hakuna maana kwenye hesabu za kampuni. Maana yake ni ya kufungua mlango: mkopo wenye masharti laini kutoka taasisi za maendeleo, nafasi mbele ya wawekezaji wanaokwepa makaa, kibali kinachotoka upesi. Ukishaingia ndani, kinachokulisha ni mkataba, waya, fedha uliyokopea na saa unayouzia. KenGen yenyewe ni ushahidi. Hisa iliyouzwa kwa shilingi 11.90 mwaka 2006 ilishuka hadi takriban shilingi 2 mwishoni mwa 2023, kisha mwaka 2025 ikapanda kwa zaidi ya mara mbili, na faida ya mwaka ulioishia Juni 2025 ikavuka shilingi bilioni 10 kutoka chini ya bilioni 7 mwaka uliotangulia. Katika kupanda na kushuka huko kote, mvuke wa Olkaria ulikuwa ukitoka chini kwa utaratibu wake.

Ukiniuliza ni kaboni ipi ikipunguzwa kampuni hizi zitaona pesa moja kwa moja, nitakuonyesha kaboni isiyo ya stima kabisa: petroli. Pikipiki ya umeme ikichukua nafasi ya ile ya mafuta, KenGen haihitaji krediti, mkaguzi wala baraza, inauza yuniti ambazo jana hazikuwa na mnunuzi. Kenya iliweka bei maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme Aprili 2023, na ya usiku wa manane ni nusu ya ile ya mchana. Mwendesha bodaboda akichomeka betri saa saba usiku, anatumia mvuke ambao ungetupwa angani. Shida ni kwamba wengi hurudi nyumbani saa moja jioni wakiwa na betri tupu, na kesho saa kumi na moja alfajiri wanataka kuwa barabarani, kwa hiyo wanachomeka pale pale wanapofika. Saa hiyo ya jioni, yuniti ya mwisho kuingia kwenye gridi mara nyingi inatoka kwenye injini ya mafuta mazito kule Kipevu, Mombasa.